Kosa Lisilo na Jina Halihukumiwi

Mwezi wa Aprili mwaka 2006 kulizuka katika Bunge la Kenya mjadala ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa wa isimu ingawa waliouendesha walidhani ni wa sheria peke yake. Mbele ya wabunge palikuwa na mswada kuhusu makosa ya kingono. Mbunge mmoja wa kiume akasimama na kudai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana hata pale anapotaka, na kwamba sheria isiyoijali desturi hiyo ingewatia hatiani wanaume wanaotongoza tu. Wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa ghadhabu. Walikuwa na haki ya kughadhibika. Lakini chini ya ghadhabu ile palikuwa na swali ambalo mwalimu yeyote wa lugha angelitambua mara moja: neno hapana lina maana gani, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kulifasiri, anayelitamka au anayeambiwa?

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanasheria. Sina leseni ya kusimama mbele ya jaji. Hata hivyo, sheria ya jinai ni maneno kabla ya kuwa pingu, na anayeshughulika na maneno ana neno la kusema juu yake. Nataka kudai katika safu hii kwamba marekebisho ya sheria ya jinai katika nchi yetu ni kazi ya kuyapa makosa majina yanayostahili, na kwamba kazi hiyo haikamiliki Bungeni. Hukamilika, au huharibika, kwenye meza ya kituo cha polisi, kwenye kizimba cha mahakama ya wilayani, na katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ushahidi wangu nitautoa hasa katika nchi ya Meru na Embu, kwa sababu huko ndiko kulikotoka jeraha kubwa kupita yote, na huko ndiko sheria mpya ilikopimwa.

Aliyeuleta mswada ule Bungeni alikuwa Njoki Ndung'u. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha haki za binadamu katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Kabla ya siasa alifanya kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, katika chama cha mawakili wanawake cha FIDA, na katika shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi. Aliingia Bungeni mwaka 2003 akiwa mbunge wa kuteuliwa, bila eneo la uchaguzi la kumlinda wala kumdai. Katika Bunge hilo la wabunge 222, wanawake walikuwa 18 tu. Mtu mwenye hesabu kama hiyo hawezi kupitisha mswada kwa wingi wa kura za watu wake. Sharti awashawishi wale wasiotaka kushawishiwa. Baada ya hapo alikuwa mmoja wa Kamati ya Wataalamu iliyoandaa katiba iliyopitishwa na wananchi mwezi Agosti mwaka 2010, na tangu mwaka 2011 amekuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Ni nadra kumpata mtu mmoja aliyeshika kalamu pale sheria inapotungwa, akashiriki kuiandika katiba itakayoipima sheria hiyo, kisha akaketi pale sheria zinapofasiriwa.

Ili tuthamini alichokifanya, yatupasa kwanza tukumbuke kilichokuwepo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930. Ndani yake ubakaji uliwekwa katika sura iliyopewa kichwa cha makosa dhidi ya maadili, mahali pamoja na makosa ya kuendesha madanguro. Msomaji mwenye jicho la lugha atauona utata papo hapo. Kosa dhidi ya maadili! Aliyekosewa ni nani basi? Kwa mujibu wa kichwa kile, aliyekosewa ni maadili, yaani sifa njema ya jamii. Mwili na nafsi ya mtu havikutajwa. Aidha, kosa la kumwingilia mtoto lilimhusu msichana peke yake, tena aliye chini ya umri uliowekwa. Sheria iliweka upeo wa juu wa adhabu bila kuweka wa chini, hata hakimu aliyeliona kosa kuwa utundu wa ujana aliweza kulipa adhabu ya utundu wa ujana.

Sasa tuje Meru. Usiku wa tarehe 13 Julai mwaka 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Tigania, wavulana walilivamia bweni ambamo wasichana walikuwa wamejificha. Wasichana hao walikuwa wamekataa kujiunga na mgomo wa wavulana. Kulipopambazuka, wasichana 19 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kukanyagwa na kukosa hewa, na 71 waliripotiwa kuwa wamebakwa. Hao walikuwa watoto wa shule, rika la wanafunzi wanaoisoma safu hii leo.

Kauli moja kutoka kwa mmoja wa viongozi wa shule ile ilinukuliwa magazetini na ikaenea duniani kote. Ilisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana; walitaka kuwabaka tu. Tafadhali msomaji, usiipite sentensi hiyo upesi. Itazame kama ambavyo tungeitazama darasani. Uzito wake wote umebebwa na kielezi chenye herufi mbili: tu. Kwa kielezi hicho ubakaji umetengwa na dhara. Dhara ni kitu kimoja, ubakaji ni kitu kingine kilicho chini yake. Sitaki kumlaumu mtu binafsi aliyeitamka. Nadhani alisema kwa sauti kile ambacho sheria ya mwaka 1930 ilikisema kwa ukimya wake, na ambacho sehemu kubwa ya jamii yetu ilikiamini. Ilipofika mwaka 2006 na mbunge akasema kwamba hapana yaweza kuwa ndiyo, alikuwa akikitumia kielezi kilekile kwa maneno mengine.

Sheria ya Makosa ya Kingono ilipata sahihi ya Rais mwezi Julai mwaka 2006, miaka 15 baada ya usiku ule wa Tigania. Ilifanya mambo mengi, lakini mimi nitataja yale yaliyohusu maneno. Kwanza, iliyaondoa makosa haya katika ile sura ya maadili na kuyapa sheria yake yenyewe. Pili, pale paliposemwa msichana, ilisema mtoto, yaani yeyote asiyetimiza miaka 18, wa kike au wa kiume. Tatu, ilieleza maana ya ridhaa: mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari, na ana uhuru na uwezo wa kuchagua. Hiari, uhuru, uwezo. Kwa maneno hayo matatu mamlaka ya kulifasiri neno hapana yalirudishwa kwa mwenye kulitamka. Nne, iliweka adhabu za chini ambazo hakimu hawezi kuzishuka: miaka 10 kwa ubakaji, na kwa aliyemwingilia mtoto, kifungo cha maisha ikiwa mtoto ana umri wa miaka 11 au chini, miaka 20 akiwa kati ya 12 na 15, na miaka 15 akiwa wa 16 au 17.

Mswada haukutoka Bungeni mzima. Kifungu ambacho kingemlinda mke dhidi ya mume anayemlazimisha kiliondolewa, na hata leo sheria hiyo inasema kwamba maelezo yake ya kutenda kwa kusudi na kinyume cha sheria hayawahusu waliofunga ndoa halali. Papo hapo kikaingizwa kifungu cha 38, kilichomtisha mlalamishi kwamba akionekana amesema uongo atapewa adhabu ileile ambayo angepewa mshtakiwa. Kifungu hicho kilifutwa baadaye, lakini kwa muda kiliwakaribisha walalamishi kwa kuwaonya. Mrekebishaji wa sheria hujenga nyumba huku wenzake wakiyang'oa madirisha. Wapo wanaomlaumu Njoki Ndung'u kwa yale yaliyopotea. Mimi naona kwamba aliyetaka yote au hakuna angetoka na hakuna.

Je, maneno mapya yalitosha? Jibu lilitolewa na Mahakama Kuu ya Meru. Mwezi Oktoba mwaka 2012, watoto wasichana 11, pamoja na shirika la Ripples International linalowapa hifadhi watoto mjini Meru, waliwashtaki wakuu wa polisi na wengine serikalini. Waliungwa mkono na shirika la wanasheria la Equality Effect kutoka Kanada, na wakili Muthomi Thiankolu alisimama upande wao. Kesi ile ilijulikana kama kesi ya wasichana 160, kwa idadi ya watoto ambao masaibu yao yaliwasukuma wanasheria kuchukua hatua. Malalamiko yao hayakuwa kwamba sheria ni mbaya. Sheria ilikuwa na umri wa miaka sita, nzuri, yenye meno. Malalamiko yao yalikuwa kwamba walipokwenda kituoni, kuna walioulizwa maswali ya kuwadhalilisha, kuna walioambiwa watoe pesa za mafuta ya gari ili askari aende kumtafuta mshukiwa, na kuna ambao malalamiko yao hayakuchunguzwa kabisa.

Tarehe 27 Mei mwaka 2013, Jaji J. A. Makau alitoa hukumu. Aliamua kwamba polisi, kwa kupuuza na kushindwa kufanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu, walikuwa wamezikiuka haki za watoto wale chini ya katiba, na kwamba uzembe huo ulijenga mazingira ambamo mtu humnajisi mtoto bila hofu ya kuadhibiwa. Akaamuru uchunguzi ufanywe. Hukumu hiyo ilitegemea katiba ya mwaka 2010 na mikataba ya kimataifa na ya Afrika kuhusu haki za mtoto. Hivyo ndivyo mambo yalivyounganika: sheria ya mwaka 2006 ililipa kosa jina, katiba ya mwaka 2010 ikampa mtoto nguvu ya kuidai serikali, na mwaka 2013, huko Meru, watoto wakadai. Ile Meru iliyotajwa duniani mwaka 1991 kwa aibu ilitajwa tena baada ya miaka 22, safari hii kwa sababu ya hukumu ambayo wanasheria wa nchi nyingine wanaisoma.

Funzo la Meru kwangu ni kwamba kosa laweza kuwa na jina katika kitabu cha sheria na likakosa jina katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Lisipoandikwa huko, hakuna nambari ya OB; bila nambari ya OB hakuna fomu ya P3; bila fomu ya P3 alichokiona daktari hakifiki kirahisi mahakamani; na bila haya yote hakimu hana cha kusoma. Mnyororo mzima umening'inia kwenye kalamu ya askari mmoja na sikio lake.

Hapo ndipo isimu inaporudi. Fikirini safari ya maneno ya mtoto mmoja. Mtoto wa Tharaka, wa Igembe au wa Mbeere anamweleza mama yake kwa lugha ya nyumbani. Mama anamweleza askari, ambaye huenda ametoka Busia au Taita, kwa Kiswahili cha kubahatisha. Askari anaandika maelezo kwa Kiingereza. Hati ya mashtaka inaandikwa kwa Kiingereza. Mahakamani, karani anaisoma kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na mtoto anapojibu, karani huyohuyo anatafsiri, na hakimu anaandika kwa Kiingereza. Maneno yale yamevuka mito minne mitano, na kila mto una mamba wake. Kimeru, isitoshe, si kitu kimoja. Anayesema Kiimenti na anayesema Kitharaka huelewana sokoni bila taabu. Lakini bei ya viazi si ushahidi wa jinai. Vivyo hivyo kwa Kiembu na Kimbeere.

Tena kuna tasfida. Watoto wetu wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri, kwamba viungo vya siri na tendo lenyewe havitajwi kwa majina yake. Basi mtoto akiulizwa alichofanyiwa husema: alinifanyia tabia mbaya. Mawakili wa utetezi walizoea kusimama na kuuliza, tabia mbaya gani? Kuiba ni tabia mbaya. Kutukana ni tabia mbaya. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ililijibu swali hilo. Majaji walitambua kwamba mtoto aliyepatwa na jambo kama hilo huona haya na hutumia maneno ya adabu, na wakazielekeza mahakama za chini ziandike, kadiri inavyowezekana, kile hasa anachokisema mtoto. Niliposoma uamuzi huo nilifurahi kama mwalimu. Majaji walikuwa wamesema kile tunachokisema darasani kila muhula: maana haimo katika neno pekee, imo katika neno, msemaji na mahali pake. Tasfida ni heshima ya mtoto. Haipaswi kuwa mlango wa mkosaji kutorokea.

Katiba yenyewe inasema kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kwamba mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi apewe mkalimani bila malipo. Ni haki njema, nayo inamlinda mshtakiwa kama ipasavyo. Lakini mkalimani ni nani? Mara nyingi ni karani wa mahakama, mtu mwenye kazi nyingine kumi, ambaye hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuhamisha tasfida ya Kimbeere kuwa Kiingereza cha sheria bila kuipotosha. Vyuo vyetu vikuu vinatoa shahada za isimu na za tafsiri kila mwaka. Wahitimu wake wanatafuta kazi huku na huko, na mahakama ziko Embu, Siakago, Chuka, Marimanti, Githongo na Maua. Sioni kwa nini pande hizi mbili hazijakutana.

Naomba sasa niikosoe sheria yenyewe kwa jambo moja ambalo wanasheria hawalisemi. Ilipofika kwenye kosa dhidi ya mtoto, ililiacha lile neno la Kiingereza la zamani ambalo asili yake ni kuchafua, na Kiswahili chetu cha magazeti na cha mahakama kikalifuata kwa neno kunajisi. Najisi ni nini? Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba ni uchafu wa kidini, kitu kinachomharamisha mtu asisali mpaka ajitakase. Tunaposema mtoto amenajisiwa, sarufi inamfanya mtoto kuwa ndiye aliyechafuka. Mkosaji amebaki msafi katika sentensi. Ni mtendaji tu. Katika darasa langu huwapa wanafunzi zoezi la kulitafsiri kosa hili kwa lugha zao za nyumbani. Wengi wao huishia kwenye kitenzi chenye maana ya kuharibu. Kitu kikiharibika hutupwa. Je, ni ajabu kwamba familia nyingine huficha, humhamisha mtoto shule, au hukaa na familia ya mkosaji na kumaliza kesi kwa mbuzi na fedha, ili jina la aliyeharibika lisijulikane? Sidai kwamba kubadilisha neno kutakomesha uovu. Nadai kwamba neno linalomlaumu aliyeumizwa humfunga mdomo, na anayefungwa mdomo hana kesi. Kusema dhuluma ya kingono dhidi ya mtoto ni kurefu kidogo, lakini kunamweka mwenye dhambi mahali pake.

Wapo watakaonipinga kwa upande mwingine. Watasema sheria hii ni kali mno na imewameza vijana. Hoja hii si ya kupuuzwa, hasa kwa walimu wa sekondari. Kijana wa miaka 19, pengine bado yuko kidato cha nne, akipendana na msichana wa miaka 17, sheria inamwita kwa jina lilelile inalomwita mzee aliyemvamia mtoto wa miaka saba. Tofauti ni idadi ya miaka ya kifungo tu, na hiyo ya chini kabisa ni 15. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilieleza wasiwasi wake juu ya jambo hilo na kuitaka nchi ilijadili. Kisha Julai mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu za chini zilizowekwa katika sheria hii ni halali, na mahakama za chini hazina ruhusa ya kuzishuka. Anayetaka zibadilike aende Bungeni.

Naafiki kwamba ni kazi ya Bunge, na naliomba Bunge liifanye kama mwanakamusi. Neno moja likibeba maana mbili zilizotengana kabisa, mwanakamusi hulipa vitomeo viwili. Mapenzi ya vijana wawili wa rika moja, hata yakiwa ya kulaumika shuleni, hayastahili kitomeo kimoja na unyama wa mtu mzima. Lakini kitomeo cha pili kiandikwe bila kukigusa cha kwanza. Wale wanaotaka kutumia machozi ya kijana wa miaka 19 ili kuwafungulia mlango wanaume wa miaka 45, tuwaambie hapana. Na hapana hiyo ina maana moja tu.

Nimalizie kwa walimu na wanafunzi. Mwalimu, sheria ya mwaka 2006 inakutaja. Mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi ana kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi ikaamua kwamba mwajiri wa mwalimu na serikali nao wanawajibika kwa dhuluma aliyotendewa mwanafunzi. Kwa hivyo habari hizi hazimhusu mwenzako peke yake. Zinakuhusu wewe unayejua na kunyamaza.

Tena una kazi ambayo hakuna wakili anayeweza kuifanya kwa niaba yako. Mara nyingi wewe ndiwe mtu mzima wa kwanza nje ya nyumba anayeambiwa. Mtoto akikuambia alifanyiwa tabia mbaya, usimsahihishe Kiswahili. Usimtafutie neno la adabu zaidi wala la kitaalamu zaidi. Andika alivyosema, kwa lugha aliyosemea, weka tarehe na saa, kisha umpeleke hospitalini na polisi siku hiyo hiyo, kabla ya kikao chochote cha wazazi. Ukurasa huo mmoja wa daftari waweza kuwa ndio mahali pekee ambapo maneno yake hayajavuka mto wowote.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaofikiri kwamba lugha ni somo la kupitia mtihani, yatafakarini maisha ya wakili yule aliyeingia Bungeni bila kura ya mtu na akatoka na sheria. Silaha yake ilikuwa ufafanuzi. Aliuliza maneno yana maana gani, akaiandika maana hiyo, akawalazimisha wenye nguvu waisome. Huko Meru watoto 11 wakaichukua maana hiyo mpaka mbele ya jaji, naye akaithibitisha. Kilichobaki ni kuifikisha maana hiyo Igembe, Tharaka na Mbeere, kwa lugha ambazo mtoto wa huko huzungumza anapolia. Hiyo si kazi ya jaji wa Nairobi. Ni yetu sisi tunaofundisha lugha, na yenu ninyi mnaojifunza.